Kituo cha Kumi na Tano: Uhakiki wa Njia ya Msalaba, Jinja na Mbale

Njia ya Msalaba ina vituo 14, na hakuna hata kimoja kinachotamka kwamba Yesu alifufuka. Inaanzia barazani kwa Pilato, inaishia kaburini. Mpita njia asiyeujua Ukristo, akisimama kando ya mtaa wa Jinja siku ya Ijumaa Kuu na kuusindikiza kwa macho umati unaobeba msalaba, ataondoka akiwa amesimuliwa habari za mtu aliyehukumiwa, akavuliwa nguo, akauawa, akazikwa. Basi. Na waumini hao hao wanakiri kwamba bila ufufuko imani yao ni bure. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho hivyo waziwazi. Iweje basi sala inayopendwa kuliko nyingi wakati wa Kwaresima inyamaze mahali penye uzito wote wa imani?

Wako walioliona pengo hilo wakaliziba. Katika baadhi ya parokia na vitabu vya sala utakuta kituo cha kumi na tano, ufufuko, kimeongezwa mwishoni. Nia ni njema. Nadhani hata hivyo nyongeza hiyo inaidhoofisha sala, kwa sababu ufufuko umo ndani yake tayari, umefumwa katika umbo lenyewe, na asiyeusikia humo hatasaidiwa kwa kutangaziwa kwa sauti. Ili tuuone, inatupasa tuisome Njia ya Msalaba kama tunavyosoma utenzi: kwa kuuliza nini kimerudiwa, nini kimerukwa, nani anatenda na nani anatendwa.

Umbo tulilo nalo halikuandikwa pamoja na Injili. Lilikua polepole kutokana na hija za Yerusalemu, likalelewa na Wafransisko waliotunza mahali patakatifu kule, na ilikuwa mwaka 1731 tu ambapo Papa Klementi XII aliiweka idadi ya vituo kuwa 14 na kuruhusu visimikwe katika makanisa kwa upana. Kabla ya hapo idadi ilitofautiana mji hadi mji. Huku mashariki mwa Uganda Ukatoliki ulienezwa hasa na wamisionari wa Mill Hill, waliofika nchini mwaka 1895 na kukabidhiwa eneo la Nile ya Juu. Jinja ikawa jimbo mwaka 1966, na Mbale leo iko chini ya Jimbo Kuu la Tororo. Kwa hiyo sala hii ni ngeni yenye karne moja na ushee katika nchi hii. Lakini umbo likishapandwa mahali husomwa kwa macho ya mahali, na Jinja na Mbale hazilisomi kwa namna moja.

Tuanze na vitenzi. Pitia majina ya vituo kwa kufuatana, utaona yote yamewekwa katika wakati uliopo: tendo linatendeka sasa, mbele ya anayesali. Kisha tazama nani anatenda. Yesu anahukumiwa. Anatwikwa msalaba. Anasaidiwa, anapanguswa uso, anavuliwa nguo, anasulubiwa, anashushwa, anazikwa. Kauli ya kutendwa imetawala mwanzo hadi mwisho. Vitenzi anavyovitenda mwenyewe vinahesabika: kuanguka, kukutana na mama yake, kuwatuliza wanawake wa Yerusalemu, kufa. Huyu ndiye yule ambaye katika Injili alitembea juu ya maji, akakemea pepo, akapindua meza za wavunja fedha hekaluni. Sala imemvua vitenzi vyake kabla askari hawajamvua nguo.

Hilo lina mantiki yake. Mahubiri ya kwanza ya Kanisa, yale ya Petro katika Matendo ya Mitume na yale yaliyo katika barua za Paulo, husema mara nyingi kwamba ni Mungu aliyemfufua Yesu. Mfufuliwa naye ni mtendwa. (Yohana anasisitiza upande wa pili, kwamba Yesu ana mamlaka ya kuutoa uhai wake na kuutwaa tena, lakini Njia ya Msalaba haikuchagua sauti hiyo.) Ukisoma vituo 14 ukiwa na mahubiri hayo masikioni, unaona mfululizo wa watendaji: Pilato, askari, Simoni, Veronika, askari tena, kisha marafiki wanaomshusha na kumlaza. Kila mmoja amemtendea jambo, la wema au la uovu, na wote sasa wamemaliza. Kituo cha 14 kinamwacha Yesu katika hali ile ile aliyokuwa nayo tangu cha kwanza, mikononi mwa wengine, na watendaji wa kibinadamu wamekwisha. Aliyebaki kutenda ni mmoja tu.

Sasa twende Mbale, maana huko ndiko maanguko matatu yanakosomeka kwa ukali zaidi.

Injili zote nne hazisemi popote kwamba Yesu alianguka njiani. Kituo cha tatu, cha saba na cha tisa vimetoka katika mapokeo, sawa na kile cha nne cha kukutana na mama yake na kile cha sita cha Veronika. Ndiyo sababu Papa Yohane Paulo II, Ijumaa Kuu ya mwaka 1991 pale Colosseum mjini Roma, alifuata vituo vilivyochotwa vyote katika Injili, na maanguko yakatoweka. Naheshimu uaminifu huo kwa Maandiko. Kwa upande wa umbo, lakini, maanguko ndiyo mifupa ya sala. Ukiyatoa unabaki na masimulizi mazuri yasiyo na mapigo.

Mji wa Mbale umekaa chini ya Wanale, mkono wa Mlima Elgon ambao wenyeji huuita Masaaba. Kwa Wagisu, kama kwa ndugu zao Wabukusu ng'ambo ya mpaka wa Kenya, kijana huwa mwanamume kwa tohara ya imbalu, ambayo msimu wake huja kila mwaka unaogawanyika kwa mbili na hufunguliwa Mutoto, karibu na mji. Kijana aliyepakwa unga na tope husimama wima mbele ya jamaa na majirani. Ngariba anapofanya kazi yake, kijana hatakiwi kutikisika. Asilie, asikunje uso, hata kope zinaangaliwa. Anayetetemeka hujiletea aibu yeye na ukoo wake, na anayesimama imara hushangiliwa. Utu uzima hapa unathibitishwa kwa miguu isiyoyumba.

Katika masikio yaliyolelewa hivyo, kituo cha tatu kinatisha. Mbele ya umati wote, Mwokozi anaanguka. Cha saba anaanguka tena, na cha tisa tena. Ulaya ya kale iliyaweka maanguko hayo ili kuamsha huruma. Bugisu yanaamsha swali: ni mwanamume gani huyu? Na swali hilo liko karibu zaidi na kashfa ya msalaba ambayo Paulo aliisemea kuliko huruma yoyote. Mkristo wa Mbale aliyesimama imara siku ya imbalu, kisha Ijumaa Kuu akampigia goti mtu aliyeanguka mara tatu, ameshika vipimo viwili vya ushujaa kwa wakati mmoja, na sala haimwambii aache kimoja. Inampa kitu ambacho kisu hakikumpa: namna ya kuwa mtu baada ya kushindwa kusimama. Maana uani pa imbalu kusimama ni mara moja, ukiyumba, umeyumba.

Nimesema namna ya kuwa mtu baada ya kushindwa, na hapa ndipo penye kiini cha uhakiki huu. Yesu anaanguka mara tatu, hivyo ameinuka mara tatu, la sivyo asingefika Kalvari. Tafuta basi kituo kinachosema Yesu anainuka. Hakipo. Kituo cha tatu yuko chini. Cha nne amesimama uso kwa uso na mama yake. Cha saba yuko chini. Cha nane anazungumza na wanawake. Cha tisa yuko chini kabisa. Cha kumi amesimama anavuliwa nguo. Kila mara tendo la kuinuka limerukwa. Limetokea kati ya kituo na kituo, wakati watu wanatembea na kuimba ubeti, na hakuna aliyelisimulia. Tunaligundua tu kwa kumkuta amesimama.

Ndivyo Injili zenyewe zinavyoushughulikia ufufuko. Hakuna Injili hata moja inayosimulia Yesu akitoka kaburini. Wanawake wanafika alfajiri, wanakuta jiwe limeondolewa na mwili haupo. Tendo limekwisha kutendeka gizani, pasipo shahidi. Waliobuni vituo, kwa makusudi au kwa silika ya sala, wamelifundisha sikio la muumini sarufi hiyo hiyo mara tatu kabla ya kufika mwisho: kuanguka husimuliwa, kuinuka hukutwa. Kwa hiyo kituo cha 14 kinapomlaza Yesu chini kwa mara ya nne na sala ikakoma, sikio lililofundishwa halisikii mwisho. Linajua kinachokuja baada ya kila kituo cha namna hiyo, na linajua pia kwamba hakitatangazwa.

Kuna jambo jingine kuhusu maanguko haya. Kabla ya idadi kuwekwa 14, ilikuwepo Ulaya desturi ya kuadhimisha maanguko saba, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba vituo vyetu vitatu ni masalio yake. Kwa maoni yao, yale mengine manne yaliambatana na makutano manne: mama, Simoni, Veronika na wanawake wa Yerusalemu. Baadaye anguko likasahaulika, kukutana kukabaki. Kama ni hivyo, basi chini ya kila uso anaokutana nao Yesu njiani limezikwa anguko, na anayekutana naye amemkuta chini.

Mpangilio wa makutano nao haukuwekwa ovyo. Kati ya anguko la kwanza na la pili kuna watatu: mama, Simoni, Veronika. Kati ya la pili na la tatu kuna kituo kimoja tu, cha wanawake. Baada ya la tatu hakuna mtu tena hadi Yesu amekwisha kufa. Msaada unapungua kadiri uzito unavyozidi, na msaada wenyewe hauzuii anguko. Simoni ameushika msalaba kituo cha tano, na cha saba Yesu yuko chini. Sala haimdanganyi mtu kuhusu msaada. Tena, wanaokuja kwa hiari yao ni wanawake. Mwanamume pekee ni Simoni, na yeye alishurutishwa. Simoni ametoka Kirene, pwani ya kaskazini ya Afrika, nchi iitwayo leo Libya, na wahubiri wa Kiafrika hupenda kusimama hapo kwa fahari. Fahari hiyo naielewa. Ningependa tu isilifiche neno gumu kwamba Mwafrika huyu alikamatwa kutoka njiani na kubebeshwa mzigo wa kifo cha mwingine, jambo ambalo historia ya bara hili inalifahamu mno.

Mitaani msalaba hupokezanwa, vijana wakiwapa akina mama, akina mama wakiwapa wanakwaya, hivyo kituo cha tano hakiishi. Kila anayepokea amekuwa Simoni kwa hatua kadhaa. Ndani ya kanisa hali ni tofauti. Vituo vimetundikwa ukutani, mara nyingi vikizunguka kutoka upande mmoja wa altare hadi upande wa pili, na waumini wengi hugeuka mahali walipo huku padre au katekista akitembea kwa niaba yao. Sala ya ukutani ni duara. Ya barabarani ni mstari. Na Jinja ni mji wa mistari: mitaa ilipangwa imenyooka, inakatana kwa pembe kamili, hivyo aliye nyuma anauona msalaba mbele kwa mbali, na aliye mbele haoni mwisho wa watu.

Hapo Jinja ndipo ningependa tuyatazame magoti.

Kila kituo kina mwendo ule ule. Kiongozi anatangaza, watu wanapiga goti na kuitikia, wanainuka, wanasikiliza tafakari, wanasali, wanasonga mbele wakiimba. Mara 14. Hesabu ya magoti ni kubwa kuliko hesabu ya maanguko ya Yesu, na kwa mwili wa mtu mzima, juani, baada ya kufunga, kufikia kituo cha kumi goti linauma kweli. Lakini wanaosali wanafanya jambo lile ambalo maandishi ya sala yamelinyima nafasi: wanainuka. Kila wanapoteremka chini pamoja naye, hupanda juu tena, waziwazi, wote kwa pamoja, kwa kishindo cha viatu kinachosikika mtaa wa pili. Kuinuka kusikoandikwa katika jina la kituo chochote kumeandikwa katika miili yao. Sala imegawa kazi: kinywa kinasema kifo, magoti yanasema ufufuko.

Na goti huku Busoga, eneo la Jinja, lina historia yake. Mwanamke hupiga goti kumwamkia mkubwa wake. Mtoto hali kadhalika. Mwanamume mzima, mwenye nyumba yake, hapigi goti barabarani mbele ya wauza duka na waendesha bodaboda. Ijumaa Kuu anapiga. Anashuka kwenye lami kando ya mke wake, katika mkao ambao siku nyingine zote ni wa mke, na anainuka kwa wakati mmoja naye. Sidhani kuna mahubiri ya Pasaka yanayosema kwa ufasaha zaidi kwamba katika kifo na ufufuko wa Kristo vyeo vya watu vimeguswa. Kwa sababu hiyo nasikitika ninapoona maandamano ya barabarani yakiharakishwa, vipaza sauti vikivuta umati, magoti yakiachwa ili watu wasichafue nguo au wasichelewe. Maneno yote yamebaki, lakini nusu ya sala imekwenda.

Si Wakristo wote wa mashariki wanaoshika umbo hili. Walokole, waliotoka katika uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kulitikisa Kanisa la Anglikana la Uganda hadi wanafunzi 26 wakafukuzwa chuoni Mukono mwaka 1941, hutegemea ushuhuda wa mtu mmojammoja aliyeoshwa kwa damu. Kwao vituo ni vingi mno, msalaba mmoja unatosha, tena usio na mwili juu yake. Waorthodoksi, wenye askofu wao wa Jinja na Mashariki mwa Uganda, huusoma ufufuko katika picha ambayo Kristo hatoki kaburini bali yuko kuzimu, amesimama juu ya milango iliyovunjwa, amewashika Adamu na Hawa kwa kifundo cha mkono. Ni umbo la nguvu sana, na ningeweza kuandika makala nzima juu ya kifundo hicho: aliyekufa hana nguvu ya kushika, kwa hiyo hushikwa. Mtendwa tena. Na Mbale ina majirani wasiokiri msalaba kabisa: Waislamu, ambao chuo kikuu chao kimekuwa mjini hapo tangu 1988, na Abayudaya, jamii ya Wayahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu baada ya kuliacha Agano Jipya mwaka 1919. Njia ya Msalaba inapita mbele ya milango yao bila kudai jibu. Umbo linaloishia kaburini linaweza kupita hivyo, kwa sababu kilio juu ya aliyeuawa hakimlazimishi jirani kukiri chochote.

Turudi kwenye kituo cha kumi na tano. Jumatatu tarehe 1 Machi 2010, ndani ya Kwaresima, mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi wilayani Bududa, katika miteremko ya Elgon upande wa Mbale. Mamia ya watu walifunikwa na udongo, na wengi hawakupatikana kamwe. Ijumaa Kuu mwaka huo ilikuwa tarehe 2 Aprili, mwezi mmoja baadaye. Kituo cha 13 mwili unashushwa, na picha nyingi humwonyesha mama akiupokea mapajani. Kituo cha 14 unalazwa kaburini kwa heshima. Avisome vituo hivyo viwili mama ambaye hakupata mwili wa kupakata wala kaburi la kupalilia. Kwake mwisho wa Njia ya Msalaba si giza la kutisha. Ni neema ambayo yeye hakuipata, na kitu cha kwanza anachohitaji ni kuruhusiwa kukaa hapo, mbele ya mtoto wa mwanamke mwingine aliyezikwa vizuri, alie.

Kumtangazia ufufuko dakika tatu baadaye, kwa kituo kingine chenye goti na wimbo kama vilivyotangulia, ni kumharakisha. Pia ni kuugeuza ufufuko kuwa tukio moja zaidi katika orodha, lenye namba, la 15 baada ya la 14, kana kwamba Mungu alisubiri zamu yake nyuma ya Pilato na askari. Liturujia ina busara zaidi. Siku Tatu Kuu za Pasaka ni ibada moja isiyokatika. Alhamisi jioni inaanza kwa ishara ya msalaba, na watu hawaagwi. Ijumaa wanaondoka kimya. Jumamosi mchana hakuna Misa, altare iko tupu. Ni usiku wa Jumamosi tu, baada ya moto mpya na mshumaa wa Pasaka na masomo marefu yanayoanzia uumbaji, ambapo watu wanaagwa kwa aleluya. Njia ya Msalaba inaishia pale inapoishia ili saa zile za katikati ziwe za kweli, kwa mama wa Nametsi na kwa kila mtu anayeingia Jumamosi Kuu akiwa na mtu wake ardhini.

Anayetamani vituo vya ufufuko asinyimwe. Ipo Njia ya Mwanga, sala iliyozaliwa katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 na kutambuliwa na Vatikano katika mwongozo wa ibada za watu uliotolewa mwaka 2001. Nayo ina vituo 14, kuanzia ufufuko wa Yesu hadi kushuka kwa Roho Mtakatifu, na wakati wake ni siku 50 za Pasaka. Parokia za Jinja na Mbale zinazochapisha kituo cha kumi na tano mwishoni mwa vijitabu vya Kwaresima zingekifuta kitabuni, zikaitoa sala hiyo nzima barabarani baada ya Pasaka, kwa msalaba ule ule, mitaa ile ile na watu wale wale wakipokezana.